Paneli za Februari

Melini, Ziwa Huron
Aprili 4, 1994

Mke wangu Leona,

Barafu bado imeng'ang'ania huku kaskazini, na meli ya serikali inatutangulia kutupasulia njia. Tunakwenda mwendo wa bibi harusi. Tukifika Detroit tutashusha ndoo kwa kamba kama kawaida, mashua ya posta ichukue barua tulizoandika na kutuletea tulizoandikiwa. Nikikuta ndoo haina barua yako nitanuna mpaka Toledo, na mpishi ndiye atakayeteseka.

Sasa sikiliza. Paneli zako za fito za plastiki ziko chumba cha chini, nyuma ya tanuri la kupashia nyumba joto, nimezisimamisha ukutani kwa mpangilio. Kila moja ina namba ya penseli kwa nyuma, na nguzo kule bustanini nimeziwekea namba hizohizo. Ardhi ikilainika, mwite Dolores wa jirani akushikie upande mmoja, muiteremshe kila paneli katika mifuo ya nguzo zake, halafu kaza skrubu. Basi. Msikate chochote. Ile plastiki inasumbua kukata, hasa kwa baridi; inapasuka kama biskuti. Mimi mwenyewe niliharibu moja kabla sijapata akili ya kuibana katikati ya mbao mbili na kutumia msumeno wa meno madogo, taratibu, fito kwa fito.

Lakini zimetoka vizuri, Leona. Nilipima nguzo nikiwa nimezama kwenye theluji mpaka magotini, nikashuka chini, nikakata. Zinabana sawasawa. Hata karatasi haipiti. Ningekuwa na mazoea ya kujisifu, ningejisifu.

Bado sielewi kwa nini umetaka kuizungushia fito kona ile isiyo na kitu, lakini wewe ndiye mwenye bustani. Mimi ni fundi tu.

Juzi nilikuwa zamu kwenye usukani, nikasikia harufu ya mkate wako. Nikageuka nyuma kabisa kutazama. Nahodha akaniuliza kama nimeona kitu.

Wako,
Norbert

*

Rogers City
Mei 17

Norbert,

Barua yako imefika ikiwa na doa la mafuta, nadhani ya mpishi. Mwambie namsalimu na nampa pole.

Paneli zimeingia. Nilikuwa na wasiwasi, maana wewe ukisema kitu kinabana, kinabana kweli, lakini zimeingia kwenye mifuo kama droo ya kabati jipya. Dolores alishika upande wake huku analalamika mgongo, akasema, "Mume wako yuko kwenye maji miezi tisa, na bado kazi zake natumwa mimi." Nikamwambia atoe malalamiko kwa nahodha. Tukakaza skrubu zote. Kulikuwa na baridi bado, tulivaa makoti.

Unauliza kuhusu kona. Nitakwambia, kwa kuwa hukuwahi kuiona kiangazi. Ile kona kuanzia Juni inapata jua la jioni mpaka saa tatu usiku. Jua linapita katikati ya mti wa Dolores na gereji, linalala pale pale chini, la rangi ya asali. Nimepanda maharage ya kutambaa, yale ya maua mekundu, yapande kwenye fito. Vindege vidogo vinavyonyonya maua vitakuja. Na ndani nimeweka benchi. Si la mtu mmoja.

Norbert, nina ombi, na nakuomba usilifanyie mzaha. Kila mwaka kampuni ikikupa siku zako za kupumzika unazichukua Novemba, unakuja nyumbani, unatupa begi mlangoni, na kesho yake uko porini na kaka yako Alois mnavizia kulungu. Halafu unarudi melini mpaka Januari. Kwa hiyo mimi nina mume wa theluji. Watoto walipokuwa wadogo sikusema, kazi zilinifunika. Sasa wamekwenda zao na nyumba ni kubwa.

Mwaka huu zichukue Agosti. Uje uone nyumba yako wakati wa kiangazi, hata mara moja. Uje ukae kwenye benchi.

Leona

*

Melini, Ziwa Superior
Juni 9

Leona wangu,

Ndoo haikuwa tupu. Nimeisoma barua yako nyuma ya meli, mbali na macho ya watu, maana hawa jamaa wanajua kusoma uso wa mtu kuliko kusoma gazeti.

Agosti ni jambo la kufikiria. Unajua Alois. Tangu baba yetu alipofariki, kile kibanda cha kuwindia ndicho kinachotukutanisha. Nikimwambia siji, atadhani nimekufa au nimehamia kanisa lingine. Na nahodha naye anapenda watu wake wote wawepo kiangazi, wakati mizigo ni mingi. Lakini sijasema hapana. Nimesema nafikiria.

Nieleze zaidi kuhusu kona. Nimewahadithia vijana wa zamu yangu habari za jua la asali na vindege, na sasa kila tukipokezana wananiuliza, "Mzee, maharage yamefika wapi?" Nawajibu kama mtu aliyetoka kuyamwagilia asubuhi. Kuna mmoja ananiita mkulima. Sikumwambia kwamba nyanya zote nilizokula za bustani yangu tangu nioe zilitoka kwenye chupa ulimozihifadhi.

Na paneli je? Zimesimama wima? Niambie ukweli, fundi hukubali kukosolewa.

Nakukumbuka kwa namna ambayo siwezi kuiandika, kwa sababu Stanley wa zamu yangu ananichungulia begani.

Norbert

*

Rogers City
Julai 8

Norbert,

Joto limeingia. Maharage yamepita kiuno changu na yameanza kutoa maua. Jumapili baada ya misa nilikaa kwenye benchi na gazeti, nikalala, nikaamshwa na kindege kimoja kikivuma karibu na sikio langu. Sikujigeuza mpaka kilipoondoka.

Paneli zimesimama.

Bado nangoja jibu la Agosti. Usiniletee jibu la Alois, niletee la kwako.

Leona

*

Rogers City
Julai 10

Dada yangu Wanda,

Asante kwa jamu. Asante pia kwa kunialika Lansing. Nilitaka kukujibu kwa simu lakini hili ni refu.

Zile paneli za Norbert zimefura. Sijui niseme vipi. Wiki ile ya joto kali nilitoka asubuhi nikazikuta zimevimba kama tumbo la mtu aliyekula sana, nyingine ndani, nyingine nje, na moja ikafyatuka kwenye mfuo wake, ikayaangukia maharage. Nilidhani nguzo zimesogea. Nikaenda dukani kwa yule bwana wa vifaa, nikamwelezea. Akaniuliza, "Zilikatwa lini?" Nikasema Februari. Akanitazama kwa huruma. Kumbe plastiki ikipata jua inarefuka, Wanda. Lazima iachiwe nafasi kila upande, na matundu ya skrubu yawe makubwa kuliko skrubu, ili iweze kucheza. Kila mtu anayekaa nyumbani kiangazi anajua, hata Dolores alijua, ila alidhani Norbert naye anajua.

Nilikaa kwenye ngazi za jikoni nikalia, na si kwa sababu ya plastiki. Mume wangu alipima kwa uangalifu wote, mpaka karatasi haipiti, na alipima nyumba nyingine. Ya theluji. Hiyo ndiyo anayoijua. Hajui uwanja wake unapata joto kiasi gani Julai, maana hajawahi kusimama ndani yake Julai.

Nikainuka nikazitoa zote. Dolores akaja kushika. Tuliweka mbao mbili juu ya mapipa, tukabana paneli katikati kwa jiriwa zake Norbert, nikakata kwa msumeno wa meno madogo, kidogo kila upande, na matundu ya skrubu nikayapanua. Vumbi lake jeupe lilitujaa kwenye nywele, tukawa kama waokaji. Mbili za mwanzo nilizikata upogo. Ya tatu ikatoka vizuri. Mpaka jioni zote zilikuwa zimerudi, zimenyooka, zina nafasi ya kupumua. Dolores alisema, "Sasa huyo mume kazi yake ni nini?" Tukacheka sana.

Norbert ameniuliza kama zimesimama. Nimemjibu zimesimama. Ni kweli, na ni uongo. Anajivunia mno.

Nilichotaka kukwambia ni hiki. Nimemwomba aje Agosti. Sijawahi kumwomba kitu kwa namna hii. Akikataa, sitamgombeza wala sitamwacha, sisi si watu wa hivyo. Ila nitaacha kuomba. Na najijua, nikiacha kuomba nitaacha kungoja, na nikiacha kungoja sijui kitakachobaki ni nini. Labda watu wawili wanaokula supu pamoja wakati wa baridi.

Nitakujulisha kuhusu Lansing.

Mdogo wako,
Leona

*

Melini, bandari ya Duluth
Julai 24

Leona wangu,

Nimefikiria, na nimepata njia itakayoturidhisha sote.

Agosti haiwezekani. Mambo ni mengi hapa. Lakini Novemba nitakuja, na safari hii siendi porini. Nitamwambia Alois aende peke yake. Siku zote zitakuwa zako. Tutakaa ndani, tutacheza karata, utanikaangia samaki, na nitakutengenezea lile kabati la jikoni ulilokuwa unalitaka. Hiyo si zawadi ndogo, unajua ninavyolipenda pori.

Nafurahi kwamba paneli zimesimama. Nimewaambia vijana. Nimewaambia siri yake ni kupima mara mbili na kutoacha upenyo.

Usinune. Novemba si mbali.

Norbert wako

*

Rogers City
Julai 30

Norbert,

Sijanuna. Nimechoka.

Paneli zako hazikusimama. Zilifura mara tu joto lilipoingia, moja ikaanguka. Plastiki inarefuka kwenye jua. Hujui, kwa sababu ulizikata Februari, na wewe ni mtu wa Februari. Nimezitoa nikazikata upya mimi na Dolores, nimeziachia nafasi, na sasa ziko sawa. Wakati wa baridi zitalegea na kugongagonga kwa upepo. Utazisikia wewe, wakati huo utakuwepo.

Sikukwambia mapema kwa sababu nilijua umejivunia, na nikafikiri utakuja uone mwenyewe, tucheke.

Umenipa Novemba. Mimi sikuomba Novemba. Novemba ninayo. Nina Novemba na Januari na Februari na Machi zako zote, ninazijua mpaka kikohozi chako. Mtu anayeishi hapa kuanzia Aprili humjui. Anavaa kofia ya majani, ana mikono myeusi, anaimba akiwa peke yake, anakula chakula cha jioni amesimama mlangoni kwa sababu nje kunapendeza na hana wa kukaa naye mezani. Nilitaka umwone kabla hajazeeka. Basi.

Siombi tena. Wiki ijayo nakwenda kwa Wanda Lansing, na sijapanga siku ya kurudi. Dolores atamwagilia. Salamu kwa mpishi.

Leona

*

Rogers City
Agosti 15

Leona,

Angalia vizuri hapo juu nilipoandika mahali. Ni mara ya kwanza maishani mwangu kukuandikia kutoka nyumbani kwetu, na wewe haupo.

Barua yako ilinifikia Detroit. Niliisoma pale pale kwenye reli ya meli, ndoo bado inaning'inia mkononi, na sikujali nani ananichungulia. Nikaenda kwa nahodha. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Aliniambia, "Norbert, tangu Juni nakungoja uniombe. Kila mtu melini anajua kuhusu benchi." Ruhusa ilikuwepo muda wote, Leona. Mimi ndiye sikuitaka. Nilikwambia mambo ni mengi, na hayakuwa mengi.

Nakwambia kwa nini, maana kwa simu nisingeweza. Nimeinua mkono wa simu mara mbili jikoni hapa nikaurudisha. Niliogopa. Wakati wa baridi najua pa kukaa. Kuna theluji ya kusukuma, kuna tanuri, kuna kitu cha kutengeneza chumba cha chini. Kiangazi nyumba ni yako. Nilifikiri nitakuwa mgeni, nitauliza glasi ziko wapi, utanikarimu kwa siku mbili kisha utaona kwamba ulikuwa ukimngoja mtu mwingine. Nikaona heri ungoje.

Nilifika Ijumaa. Dolores alinikuta mlangoni nimeshika begi, akaniambia uko Lansing. Halafu akaniambia mengine, kwa muda mrefu, na sikumkatiza. Yote yalikuwa ya haki.

Nimeziona paneli. Nimepitisha kidole kwenye ile nafasi uliyoacha. Ile ya pili umeikata upogo kidogo na sitairekebisha. Asubuhi kwenye saa nne, jua likizipiga, zinaanza kutoa mlio mdogo, tik, tik, zinajinyoosha. Nimekaa nikasikiliza mpaka zikanyamaza. Mimi ni fundi wa miaka mingi na sikuwa najua kwamba ukuta wa bustani yangu unasogea.

Nimekula nyanya ikiwa bado ina joto la jua. Nilisimama katikati ya matuta, juisi inanichuruzika kwenye kiwiko, na nikajisikia mjinga. Miaka yote hii.

Jioni nakaa kwenye benchi, upande mmoja. Jua linakuja kama ulivyosema. Linafika kwanza kwenye maharage, halafu kwenye magoti, halafu liko usoni, na kwa muda huwezi kuona kitu. Vindege vinakuja. Nilitaka kukugeukia nikuoneshe, nikageuka.

Mtu wa posta hupita hapa mchana, kama unavyojua. Mbwa wa Dolores humsikia kabla yangu. Tangu Jumamosi mbwa akibweka tu moyo wangu unaruka, na mtu yule ananipa karatasi za matangazo ya dukani na kuniambia siku njema. Nikirudi ndani nyumba ina ukimya ambao siujui, si ule wa theluji. Ulikuwa unaishi na hiki kitu, Leona? Kila mwaka? Na unaniandikia kuhusu maua?

Niko hapa mpaka mwisho wa mwezi. Alois hataniongelesha mpaka Pasaka, shauri yake. Sikuombi urudi. Umeomba vya kutosha kwa ajili yetu sote, na mimi sina haki ya kuomba mara ya kwanza tu nikajibiwa. Nakujulisha tu nilipo.

Nakupenda. Stanley hayupo begani, kwa hiyo nimeliandika.

Norbert

*

Lansing
Agosti 17

Norbert,

Barua yako imefika leo. Wanda aliniletea uwanjani akiishika kwa ncha za vidole, akasema, "Hii imetoka nyumbani kwako." Nilitazama muhuri wa posta wa Rogers City na mwandiko wako, nikaketi kwenye nyasi.

Nimeisoma, nikaingia ndani, nikapakia begi. Kisha nikazitoa nguo tena, nikazirudisha kabatini. Wanda anadhani nimerukwa na akili. Ananiambia nipige simu sasa hivi, au mumewe anipeleke kwa gari, leo hii tu nitakuwa nyumbani.

Sitaki leo. Usinielewe vibaya, wala si kukukomoa. Ni kwamba tangu unioe sijawahi kungojwa. Sijui ladha yake. Nimekaa hapa kwa dada yangu mchana mzima nikifikiria kwamba kuna mtu, mahali fulani, anayesikia mbwa akibweka na moyo wake unaruka kwa ajili yangu, na nimeona aibu jinsi ninavyofurahi. Niachie siku chache. Nitakurudishia.

Nyanya zilizoiva zaidi ziko nyuma, upande wa gereji, usiache zioze. Glasi ziko kabati la juu, kushoto kwa sinki.

Ukiisoma hii itakuwa Ijumaa. Nitakuja Jumapili na basi la mchana. Najua utataka kuja kunipokea kituoni, utanyoa ndevu, utasimama pale saa nzima kabla. Usije. Nitatembea mwenyewe na begi langu, si mbali. Nataka nifungue mlango wa nyumba yangu nikukute ndani.

Leona